Nakuru hadi Kisumu kwa Pikipiki Baada ya Miaka 50: Mwongozo Kamili wa Kusafiri Mbali Bila Kuumiza Mgongo

Kila inapokaribia Desemba, waendeshaji wa pikipiki wa rika langu, yaani wale waliovuka miaka 50, hunieleza mkasa uleule. Mtu alinunua mto mnene wa kukalia, akafunga mkanda kiunoni, akameza vidonge viwili vya maumivu kabla ya kutoka Nakuru, na bado alipofika Kisumu ilibidi ashikwe mkono ili ashuke. Mwaka unaofuata hununua mto mnene zaidi, na matokeo huwa yaleyale. Wapo walioishia kuuza pikipiki zao, jambo linalonisikitisha sana, kwa sababu wengi wao hawakuwa na haja ya kuziuza.

Wote hutafuta kifaa kimoja cha kuondoa maumivu, ilhali kinachouumiza mgongo ni kukaa muda mrefu katika mkao mmoja huku barabara ikiugonga kutoka chini. Diski zilizo kati ya pingili za mgongo wa mtu mzima hazina mishipa yake ya damu. Hupata maji na lishe kadiri zinavyobanwa na kuachiliwa, yaani kadiri mwili unavyosogea. Umri unaposonga, diski hizo hupungukiwa na maji na kupoteza unene wake, na ndiyo maana mkao ambao kijana huuvumilia asubuhi nzima, sisi huanza kuulipia kabla saa moja haijaisha. Kila hatua katika mwongozo huu inalenga mambo hayo mawili: kupunguza mapigo yanayoufikia mgongo, na kuuzuia mwili usikae namna moja.

Mfano wangu ni safari ya Nakuru hadi Kisumu kupitia Kericho. Haifiki kilomita 200, lakini ina kila kitu kinachoutesa mgongo mzee: baridi ya Mau Summit, matuta ya kila mji, msongamano wa malori, mvua ya Kericho na joto la Ahero. Anayekwenda Kakamega, Busia au Kisii atatumia hatua zilezile. Zifuate kwa mpangilio wake, kwa sababu aliyeanza kwa kurekebisha pikipiki kabla ya kuandaa mwili hurudi palepale alipokuwa.

## Mahitaji

- Wiki 6 kabla ya safari. Hili ndilo hitaji ambalo wengi hulikosa.
- Mkeka au blanketi la kufanyia mazoezi sakafuni.
- Utepe wa kupimia, kalamu na daftari dogo.
- Kipima upepo wa tairi kilicho chako mwenyewe, kwa kuwa vipimo vya vituo vya mafuta hutofautiana.
- Spana ya kuzungushia vidato vya springi za nyuma, yaani ngazi za kuzikazia au kuzilegezea.
- Fundi wa viti anayekubali kusikiliza, pamoja na sponji ngumu.
- Vipande vya kunyanyulia usukani, ikiwa vipimo vya hatua ya 3 vitaonyesha kwamba unavihitaji.
- Mifuko ya pembeni au sanduku la nyuma, na mipira imara ya kufungia mzigo.
- Helmeti nyepesi inayokushika vizuri na jaketi la kuakisi mwanga, ambavyo sheria inavidai. Pia glavu, sweta na koti la mvua.
- Maji lita 2, na simu au saa yenye kengele.

Mkanda wa kiunoni sikuuweka kwenye orodha. Ukiwa nao, uvae. Humkumbusha mtu asipinde mgongo. Usiukaze hadi ushindwe kuvuta pumzi ya tumboni, na usiutegemee ufanye kazi ya misuli.

## Kabla ya hatua ya kwanza: ni nani asianze

Maumivu mengi ya kiuno hayatokani na ugonjwa mkubwa, na hupungua mtu anapoendelea kutembea na kufanya kazi nyepesi. Zipo dalili, hata hivyo, ambazo hazipaswi kusubiri mazoezi wala fundi wa viti.

Nenda hospitali siku hiyohiyo ikiwa sehemu za siri au eneo linalogusa kiti limekufa ganzi, ikiwa umeshindwa kuzuia au kutoa mkojo au haja kubwa, au ikiwa miguu inaishiwa nguvu. Dalili hizo zinaweza kumaanisha kwamba mishipa ya fahamu ya chini ya uti wa mgongo imebanwa, na kila saa inayopita hupunguza nafasi ya kupona kabisa.

Muone daktari bila kuchelewa ikiwa maumivu hukuamsha usiku na hayatulii hata ukilala, ikiwa unapungua uzito bila sababu, una homa au jasho la usiku, umewahi kuugua saratani, au maumivu yalianza baada ya kuanguka. Kifua kikuu hushambulia pia pingili za mgongo, na katika nchi yetu ugonjwa huo haujaisha. Wanawake waliokoma hedhi, na yeyote aliyetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, wawe waangalifu zaidi, kwa kuwa mifupa yao inaweza kuvunjika hata kwa pigo dogo la tuta.

## Hatua ya 1: Andaa mwili kwa wiki 6

Misuli ya tumbo, ya ubavuni na ya makalio ndiyo inayoushikilia mgongo pikipiki inaporushwa. Ikichoka, mgongo hujipinda kama upinde na uzito wote huziangukia diski. Tenga dakika 15 kila siku, lakini usifanye zoezi lolote la kuinama katika saa ya kwanza baada ya kuamka. Usiku diski hunyonya maji na kuvimba kidogo, na kuinama zikiwa katika hali hiyo huzikaza kupita kiasi.

1. Daraja. Lala chali, kunja magoti, kisha inua makalio hadi mapaja na kiwiliwili viwe mstari mmoja. Kaa hivyo kwa sekunde 5, ushuke. Rudia mara 10.

2. Mkono na mguu. Piga magoti na kushika sakafu kwa mikono yote miwili. Nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, bila kiuno kuzama wala kupinduka. Hesabu hadi 8, kisha badilisha. Mara 6 kila upande.

3. Ubavu. Lala ubavu, jitegemeze kwa kiwiko na magoti, inua nyonga. Anza na sekunde 10 na uongeze polepole.

4. Kunyoosha sehemu ya mbele ya nyonga. Piga goti moja chini, mguu mwingine uwe mbele, kaza makalio na usukume nyonga mbele taratibu kwa sekunde 30. Usiliache zoezi hili. Misuli hiyo hujifupisha tunapoketi, na ukisimama huvuta kiuno kwenda mbele. Ndiyo maana mtu hushuka kwenye pikipiki akitembea ameinama.

5. Kuinuka kitini bila kushika popote. Mara 10 mfululizo, ukishuka polepole kuliko ulivyopanda.

Ongeza matembezi ya dakika 30 kwa siku 5 za wiki. Kupanda na kushuka barabara za Milimani mjini Nakuru, au zile za Riat juu ya Kisumu, kunatosha kabisa.

*Tahadhari:* Uchovu wa misuli ni wa kawaida. Maumivu yanayoshuka mguuni kama umeme si ya kawaida. Acha zoezi hilo, na yakirudi siku ya pili muone daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Usifanye lile zoezi la shuleni la kulala chali na kuinuka mara 50, kwa sababu linazipinda na kuzibana diski tunazojaribu kuzilinda.

*Umefaulu ikiwa:* unashikilia zoezi la ubavu kwa sekunde 30 kila upande, na unainuka kitini mara 10 bila mikono na bila kusita. Usipofika hapo baada ya wiki 6, ongeza wiki 2. Barabara haihami.

## Hatua ya 2: Rekebisha kiti

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mwili wa mtu aliyeketi hutikisika kuliko kawaida pale mapigo ya juu na chini yanapokuwa kati ya mara 4 na 6 kwa sekunde, na mapigo ya namna hiyo ndiyo hutoka kwenye lami iliyochakaa na yenye mawimbi. Sponji laini na nene haiyazuii. Huyaongeza, kama kitanda cha springi kinavyoendelea kukurusha baada ya wewe kuacha kuruka. Isitoshe, baada ya saa moja sponji hiyo huwa imelala kabisa, nawe umekalia bodi.

Unachohitaji ni kiti kigumu kiasi, kipana nyuma na kilicholala sawasawa.

Kwanza, pima mteremko wake. Weka chupa ya maji iliyolala juu ya kiti ukiwa umekaa nyuma yake na mtu ameishika pikipiki wima. Ikibingirika kuelekea tangi, kiti kinakusukuma mbele. Kinena kinabeba uzito na kiuno kinajipinda kurudi nyuma. Mwambie fundi aongeze sponji sehemu ya mbele hadi chupa itulie.

Pili, mwambie atumie sponji ngumu ya aina ya godoro la haidensiti, na juu yake tabaka jembamba laini lisilozidi sentimita 2. Sehemu utakayokalia iwe pana kiasi cha kubeba mifupa yote miwili ya makalio. Ipate mifupa hiyo kwa kukalia viganja vyako kwenye benchi la mbao. Utaihisi mara moja.

Tatu, usikubali kiti kipunguzwe urefu ili miguu ifike chini vizuri zaidi kabla hujaangalia magoti yako. Magoti yakiwa juu kuliko nyonga, mgongo hujipinda hata ukijitahidi kuunyoosha.

Ukitaka mto wa hewa, usiujaze hadi uwe mgumu kama mpira. Toa hewa ukiwa umeukalia, hadi mifupa ya makalio ibakize nafasi ya kidole kimoja kabla ya kugusa kiti.

*Umefaulu ikiwa:* unakaa dakika 30 kwenye pikipiki iliyozimwa, juu ya stendi, bila kutafuta mahali pengine pa kukalia. Mafundi wengi hushangaa mteja anapokaa dukani nusu saa. Kaa tu; kiti kikishashonwa, kukifumua tena ni gharama.

## Hatua ya 3: Usukani na vikanyagio

Keti kama unavyoendesha, fumba macho, nyoosha mikono mbele kwa utulivu, kisha fumbua. Ikiwa mikono iko juu au nyuma ya vishikio, usukani uko chini au mbali mno kwako. Viwiko vinatakiwa kuwa vimekunjwa kidogo na mabega yameshuka. Kiwiliwili kiegemee mbele kidogo kuanzia nyongani, kiuno kikiwa na mbonyeo wake wa asili. Kukaa wima kabisa kama kwenye kiti cha kanisani si dawa, kwa sababu kila tuta hupanda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo.

Vipande vya kunyanyulia usukani vya sentimita 2 hadi 4 vinatosha watu wengi. Baada ya kuvifunga, washa injini na uzungushe usukani hadi mwisho kulia, kisha hadi mwisho kushoto. Injini ikipanda mlio bila wewe kugusa mafuta, kebo imevutika na pikipiki haifai kutoka nje ya gereji. Angalia pia kebo ya klachi na bomba la breki. Nalisisitiza hili kwa sababu kebo ya mafuta inayovutika kwenye kona inaweza kuua.

Vikanyagio viruhusu magoti kukunjika kwa starehe, na mguu wa kulia uifikie breki bila kisigino kuinuka. Vijana wengi huweka miguu juu ya vyuma vya kukinga injini ili kuinyoosha. Wenye umri wetu tusifanye hivyo. Mguu ulioko mbele uko mbali na breki, na hatuna tena wepesi wa kuurudisha kwa wakati.

## Hatua ya 4: Springi na tairi

Pikipiki nyingi zinazouzwa huku zimekusudiwa kubeba abiria na magunia, na fundi wa kawaida hukaza springi za nyuma hadi kidato cha mwisho bila kuuliza. Mimi, mwenye umri wa miaka 61 na uzito wa kilo 74, niliendesha miaka 2 nikiwa na springi zilizokazwa kwa ajili ya abiria ambaye sikuwa naye. Nililaumu mgongo wangu kwa muda wote huo. Siku nilipovilegeza vidato viwili nilihisi tofauti kabla sijafika lango la mtaa.

Pima hivi:

1. Weka pikipiki juu ya stendi ya katikati, tairi ya nyuma ikining'inia. Pima kutoka kwenye nati ya ekseli ya nyuma hadi alama uliyoiweka juu yake kwenye fremu. Andika.
2. Ishushe, ukae juu yake ukiwa na mavazi yote na mzigo wote wa safari. Mtu mmoja aishike wima, mwingine apime tena palepale.
3. Toa kipimo cha pili kwenye cha kwanza. Tofauti inatakiwa kuwa karibu theluthi moja ya mwendo wote wa springi. Kwa springi yenye mwendo wa milimita 100, tafuta milimita 30 hadi 35.
4. Tofauti ikiwa ndogo, legeza kidato kimoja. Ikiwa kubwa, kaza kimoja. Pande zote mbili ziwe kwenye kidato kilekile, la sivyo pikipiki itayumba kwenye kona.

Ukiona mafuta yakivuja kwenye springi, au pikipiki ikiendelea kudunda mara 3 au 4 baada ya tuta moja, usirekebishe kitu, zibadilishe.

Tairi zipimwe asubuhi kabla hazijapata joto, na zijazwe kulingana na maelekezo ya kitabu cha pikipiki au karatasi iliyobandikwa kwenye kifuniko cha cheni. Upepo ukizidi, tairi hukurudishia kila jiwe. Usipunguze chini ya kipimo ukidhani utapata ulaini, kwa sababu tairi hupata joto kali na inaweza kupasuka.

*Umefaulu ikiwa:* unavuka tuta dogo kwa mwendo wa polepole ukiwa umeketi, na pikipiki inashuka, inapanda, inatulia.

## Hatua ya 5: Mzigo

Usibebe begi mgongoni, hata la kilo 5. Kila tuta hulizidisha uzito, na mikanda yake huvuta mabega nyuma huku kiuno kikisukumwa mbele. Vitu vizito viingie kwenye mifuko ya pembeni, chini na karibu na wewe. Sanduku la nyuma libaki na nguo na koti la mvua.

## Hatua ya 6: Safari ya majaribio

Wiki moja kabla, fanya nusu siku tu. Aliye Nakuru aende Gilgil na kurudi. Aliye Kisumu aende Maseno, pale barabara inapovuka ikweta, na kurudi. Weka kengele ilie kila dakika 40 na usimame hata kama hujachoka. Hili la mwisho ndilo linalowashinda watu wazima, hasa wanaume wanaosafiri kwa kundi, kwa kuwa hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuwasha taa ya kuashiria kusimama. Ukisubiri maumivu ndipo usimame, utakuwa umechelewa: misuli imeshakakamaa, na mapumziko ya dakika 10 hayatairudisha.

Andika daftarini dakika ambayo ulianza kuhisi usumbufu. Ikiwa ni dakika ya 35, kengele yako ni dakika 30. Hicho ndicho kipimo chako cha safari, wala si kilomita.

*Umefaulu ikiwa:* asubuhi iliyofuata unavaa soksi bila kutafuta pa kushika.

## Hatua ya 7: Siku ya safari

### Kuamka na kuondoka

Amka saa 11 alfajiri na uondoke saa 1 asubuhi. Saa hizo 2 zinatosha diski kupungua uvimbe wa usiku, nawe unywe chai na kutembea uwanjani. Funga mzigo jana yake, usije ukainama na kunyanyua wakati mbaya kuliko wote. Kuondoka saa 1 kunakuwezesha pia kupita Kericho kabla ya alasiri, saa ambazo mvua, na mara nyingine ya mawe, hunyesha huko mara nyingi.

Vaa sweta kabla ya kuhisi baridi. Mau Summit iko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na misuli iliyopigwa na baridi hukaza bila wewe kujua. Ukishuka hadi Ahero utakuwa umepoteza zaidi ya mita 1,000 na utataka kuvua kila kitu. Vaa nguo zinazovulika moja moja.

### Vituo

Mpango wangu ni huu: Nakuru hadi Salgaa, Salgaa hadi Mau Summit, Mau Summit hadi njia panda ya Londiani, Londiani hadi Kericho, ambako ninapumzika dakika 40 na kula, Kericho hadi soko lolote la barabarani kabla ya Awasi, kisha Ahero, kisha Kisumu. Kati ya Salgaa na Sachangwan wewe unapanda huku malori yakishuka upande wa pili, kwa hiyo kaa kushoto, na kama kengele italia hapo, iache ilie hadi upate mahali palipo mbali kabisa na lami.

Katika kila kituo kidogo, tumia dakika 8 namna hii:

1. Shuka taratibu, simama ukishika pikipiki hadi miguu ipate damu. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu huleta kizunguzungu mtu anapoinuka ghafla.
2. Weka mikono kiunoni, jipinde nyuma polepole mara 10.
3. Nyoosha sehemu ya mbele ya nyonga, sekunde 30 kila upande.
4. Tembea hatua 200.
5. Kunywa maji. Wengi wetu hujinyima maji ili tusisumbuliwe na mkojo, hasa wanaotumia dawa za kuongeza mkojo. Kwa kuwa unasimama kila dakika 40, sababu hiyo haipo tena.

Usiketi. Anayeshuka kwenye pikipiki na kwenda moja kwa moja kwenye kiti cha hoteli amebadilisha kiti tu, mkao ni uleule. Hata Kericho, kula kwanza, kisha utembee robo saa kabla ya kupanda tena.

### Juu ya pikipiki

Kila dakika chache badilisha kitu kidogo: sogea nyuma, sogea mbele, bana tangi kwa magoti, yaachie. Kukiwa hakuna gari karibu, simama juu ya vikanyagio kwa sekunde 10.

Ukifika kwenye tuta, punguza mwendo kabla yake, achilia breki tairi ya mbele inapoligusa, na uinue makalio kiasi cha upana wa kiganja, magoti yakiwa yamekunjwa. Miguu ndiyo springi bora kuliko zote ulizo nazo. Ukibana breki hadi juu ya tuta, springi za mbele huwa zimeshabanwa, na pigo lote linapanda mikononi na mgongoni.

Dawa za maumivu zisiwe mpango wa safari. Ibuprofen na diclofenac zinaweza kupandisha shinikizo la damu na kudhuru figo na tumbo, hasa mtu akiwa hajanywa maji. Tramadol na dawa za kulegeza misuli huleta usingizi, na haziendi pamoja na usukani kamwe. Muulize daktari au mfamasia mapema, ukimtajia dawa zako zote.

Jua lisizame ukiwa barabarani. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea karibu theluthi moja tu ya mwanga unaopokelewa na jicho la kijana wa miaka 20, na shimo usiloliona ndilo linaloumiza mgongo kuliko yote. Unapokwenda Kisumu asubuhi jua liko nyuma yako; siku ya kurudi litakuwa usoni, kwa hiyo ahirisha kuondoka hadi lipande kidogo.

### Pikipiki ikianguka

Pikipiki yenye injini ya cc 125 au 150 ina uzito wa karibu kilo 120, na zile kubwa za safari hupita kilo 200. Kama kuna mtu karibu, mwite. Huku kwetu atakuja.

Ukiwa peke yako, zima injini na utie gia ili isibingirike. Ikiwa imelalia upande wa kulia, toa stendi ya pembeni kwanza. Igeuzie mgongo, chuchumaa makalio yakigusa kiti, shika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mwingine, nyoosha mgongo, kisha isukume kwa miguu ukitembea kinyumenyume kwa hatua fupi. Usiinue ukiwa umeielekea na umeinama. Wapo walioendesha miaka 30 bila tatizo wakaumia kwa kitendo hicho kimoja.

## Hatua ya 8: Jioni na siku inayofuata

Ukifika Kisumu, usilale papo hapo. Tembea dakika 20, oga maji ya uvuguvugu, kisha lala chali na miguu juu ya kiti, magoti yakiwa yamekunjwa, kwa dakika 10. Siku inayofuata isiwe ya kurudi. Itumie kutembea ufukoni Dunga au sokoni, na ufanye mazoezi ya hatua ya 1 kwa nusu ya kiasi cha kawaida.

Andika daftarini mambo matatu: maumivu yalianza kituo gani, yalikuwa wapi mwilini, na yaliisha baada ya saa ngapi. Maumivu ya makalio na kinena yanakurudisha hatua ya 2. Ya mabega na shingo, hatua ya 3. Ya kiuno yanayoanza kwenye barabara mbovu pekee, hatua ya 4. Ya kiuno yanayoanza hata kwenye lami nzuri, hatua ya 1, au kengele yenye dakika chache zaidi.

Ikiwa umefanya yote na maumivu bado yanazidi saa 48, igawe safari: lala Kericho, umalizie kesho yake. Na ikiwa tatizo ni uzito wa pikipiki yenyewe, yaani unapata shida kuisukuma kwenye maegesho au kuipandisha stendi, tafuta iliyo nyepesi zaidi na uirudie hatua ya 2 hadi ya 4 kwa hiyo mpya, kwa kuwa vipimo vya ile ya zamani havitafaa.